Hukumbukwa mhadhiri akisafiri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Amu, mtaa wa Mkomani, na kwa sasa nafanya kazi Malindi, kwenye kampasi ya chuo kimoja ambacho jina lake nitalisitiri. Nina shahada ya sayansi ya habari. Barua yangu ya ajira yasema mimi ni mkutubi msaidizi, lakini kazi inayonila siku nzima ni kufundisha: namna ya kutafuta makala, kutambua jarida la kitapeli, kuandika marejeleo, na kutumia zile hifadhidata ambazo chuo kinazilipia na wanafunzi hawajui hata kwamba zipo.

Kazi hii naipenda, usije ukanijibu kana kwamba naichukia. Kinachoniumiza ni namna ninavyoitwa. Simu hulia saa mbili kasorobo asubuhi: "Dada, mimi niko njiani naenda Mombasa. Nishikie darasa langu la saa mbili, wafundishe hayo mambo yenu ya laibri." Mada siambiwi. Kazi waliyopewa kuandika siambiwi. Hata ni wa mwaka gani huwa sijui. Naingia ukumbini, projekta inagoma kusoma kompyuta yangu, na wanafunzi washajua mwalimu wao hayupo, kwa hivyo nusu wanatazama mlango na nusu wanatazama simu. Natoa slaidi zilezile. Hakuna anayeandika kitu. Saa ikiisha wananipigia makofi ya adabu. Kisha mwisho wa muhula walewale wanakuja kaunta mmoja mmoja, kesho ndiyo siku ya kukabidhi kazi, wananiuliza yaleyale niliyoyasema.

Muhula uliopita alinijia kijana wa mwaka wa tatu anaandika juu ya mikoko ya Lamu. Orodha yake ya marejeleo ilikuwa imenyooka kuliko ya mhadhiri. Nikamwambia haya, tufungue ya kwanza. Jarida lipo. Toleo lipo. Kurasa alizoziandika zina makala ya mtu mwingine kabisa, kuhusu kamba. Ya pili, mwandishi ni mtu wa kweli, lakini makala hiyo hajapata kuiandika. Ya tatu, namba yake ya DOI, ile namba ya kudumu ya kuifungulia makala mtandaoni, haifungui chochote. Alikuwa amepewa na ChatGPT, na maskini hakujua kwamba ile mashine hubuni. Tulikaa mpaka walinzi wakaja kufunga. Tukapata makala za kweli, baadhi yake za bure. Kazi yake ikasifiwa na mhadhiri mbele ya darasa kwa "utafiti wa kina." Mimi sikutajwa.

Kwenye kikao, nilipoomba maktaba ipewe nafasi katika ratiba ya masomo, mkubwa mmoja akauliza, "Kwani kupanga vitabu nako kwataka ratiba?" Watu wakacheka. Nyumbani nako, Baba ni nahodha mstaafu. Wenziwe barazani wakimuuliza binti yako afanya kazi gani, hujibu, "Aweka vitabu." Hasemi kwa ubaya, lakini huniingia.

Sasa chuo kikubwa cha Nairobi kimenipa nafasi ya kuorodhesha vitabu kwenye katalogi. Mshahara umezidi wangu, ingawa si kwa mengi. Kufundisha hakuna. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Rafiki yangu asema niende nikapumzike na dharau. Mwengine asema nisome uzamili niwe mhadhiri kamili, niachane na maktaba. Mama ataka nirudi Amu, kuna shule ya sekondari inatafuta mtu wa maktaba. Na msimamizi wangu, kila nikimlilia, huniambia kazi yetu ni wito na thawabu yake iko kwa Mungu.

Shangazi, wewe umekaa maktabani umri wako wote. Mkutubi anayefundisha ni mwalimu au si mwalimu? Na mtu aweza kujenga maisha kwa kazi hii?

Binti wa Amu, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na msimamizi wako, maana ndiye aliyenikera kuliko hata yule aliyecheka kikaoni. Mwaka 2018 mkutubi mmoja wa Marekani, Fobazi Ettarh, aliandika makala iliyozungumzwa sana katika fani yetu. Hoja yake ni kwamba wakutubi tumeizoea kuiona maktaba kuwa mahali patakatifu, na matokeo yake ni kwamba mfanyakazi akilalamikia mshahara au mzigo wa kazi huonekana amekosa imani. Huo ndio mchezo unaochezewa. Thawabu sote twaitaka, lakini mwenye nyumba wako hapo Malindi haipokei mwisho wa mwezi. Kwa hivyo ukiamua kwenda Nairobi kwa sababu ya pesa, nenda kwa amani, wala usimwombe mtu radhi. Neno wito lisikufunge mguu.

Ila nimeisoma barua yako nikaisoma tena, na pesa umezitaja mara moja, kwa kupita. Mistari mingine yote ni ya dharau. Basi hilo ndilo nitakalolijibu.

Kwanza hiyo kazi ya Nairobi. Kuorodhesha vitabu ni kazi ya kichwa, asikudanganye mtu. Lakini waulize: mtaniorodheshesha nini? Vitabu vingi vinavyonunuliwa na vyuo vyetu vimeshaorodheshwa na maktaba nyingine duniani. Mkutubi hufungua Koha, ile programu ya katalogi, huitafuta rekodi kwa Library of Congress kule Washington, huivuta, hurekebisha mawili matatu, hubandika namba kwenye mgongo wa kitabu, basi. Kinachotaka mtu wa kuanza mwanzo ni vitu vya hapa kwetu: tasnifu, vitabu vya Kiswahili, ripoti za kaunti, hati za zamani. Wakikuambia wanataka mtu wa kushughulikia makusanyo hayo, hilo ni jambo la kufikiriwa sana, hasa kwa mtu wa Amu aliyekulia kwenye maandishi ya Kiarabu na ya Kiswahili cha hati za Kiarabu. Wakikuambia ni vitabu vya kawaida, utakuwa unavuta rekodi za watu kutwa, nawe umeniambia mwenyewe kwamba raha yako ni kukaa na mtoto wa watu mpaka akapata makala ya kweli. Kazi ya kuvuta inazidi kupungua. Kazi yako unayoikimbia inazidi kuongezeka, na ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, ndiyo iliyoiongeza maradufu.

Umeuliza kama wewe ni mwalimu. Ndiyo, ni mwalimu. Kama chuo chako kinakuhesabu hivyo ni swali jingine, na jibu lake liko kwenye waraka wa ngazi za utumishi wa chuo, ambao nina hakika hujausoma kwa sababu hakuna anayeusoma. Uombe ofisi ya wafanyakazi. Hata Marekani jambo hili halijapata jibu moja: vyuo vingine huwapa wakutubi hadhi ya wahadhiri pamoja na ngazi zao, vingine huwahesabu kuwa wafanyakazi wa ofisi. Hapa kwetu kuna historia pia. Shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka 1963, na Mkenya aliyetaka kusomea kazi hii hapa nyumbani kwa kiwango cha chuo kikuu alisubiri hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua kitivo chake cha sayansi ya habari mwaka 1988. Wakubwa wengi wa leo walisoma wakati mkutubi waliyemjua ni yule anayekaa na mihuri, anayekuambia nyamaza na anayekutoza faini. Yule bwana wa kikaoni anamcheka mkutubi aliyemkumbuka. Hajakuona wewe bado.

Na hawezi kukuona, kwa sababu unaomba kitu kisichofaa. Unaomba saa. Acha kuomba saa, omba swali. Nikisema swali nakusudia lile swali lenyewe la kazi ya muhula, ambalo mhadhiri huliandika siku moja kabla ya kulitoa, mara nyingi kwa kunakili la mwaka jana.

Fikiri kwa nini ile saa yako haishiki. Wanafunzi hawana la kutafuta. Kumweleza mtu habari ya hifadhidata wakati hajapewa swali ni sawa na kumfunza kutweka tanga naye yuko sokoni. Watakapopewa swali utakuwa ushaondoka, na hapo huanza aibu. Mwaka 1986 mtafiti Constance Mellon alichapisha uchunguzi wa maandishi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha kusini mwa Marekani, waliotakiwa kueleza walivyojisikia walipoanza utafiti maktabani. Wengi mno walieleza hofu. Kila mmoja alidhani wenzake wanajua, yeye peke yake ndiye mjinga, na akiuliza atajulikana. Kwa hivyo hao wanaokujia kaunta usiku wa mwisho, usiwahesabu kuwa ni wavivu au kwamba hawakukusikiliza. Wamekuja kwa sababu aibu imeshindwa na tarehe.

Basi ile simu ya saa mbili kasorobo usiipokee tena kwa "sawa mwalimu." Mwambie msimamizi wako kwanza, asije akalisikia kwa mwingine, kisha ikilia ujibu hivi: "Mwalimu, leo sitaweza, lakini nataka sana kuingia darasa lako. Nitumie swali la kazi utakayowapa, nije wiki ile wanayoanza kuandika, nawe uwepo." Yale maneno mawili ya mwisho yatamke vizuri. Mhadhiri akikaa ndani, wanafunzi hawatazami mlango. Atakasirika mmoja au wawili. Wacha wakasirike.

Kisha chagua mhadhiri mmoja tu. Ningekuwa wewe ningemchagua yuleyule wa kijana wa mikoko. Usimwendee na lawama ya kutotajwa, mwendee na ile orodha ya marejeleo ya uongo, umefuta jina la kijana na umemwomba ruhusa. Mwonyeshe ile ya kamba. Hapo ndipo atakapotambua kwamba kazi ngapi alizozipa alama muhula huu hajui zimesimama juu ya nini. Kama atakuambia ni mambo ya watoto, mkumbushe kwamba mwaka 2023 mawakili wawili wa New York pamoja na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Watu wazima, wenye leseni.

Baada ya hapo mwombe muliguse swali lake pamoja. "Jadili umuhimu wa mikoko katika pwani ya Kenya" ni swali ambalo mashine inalimaliza kabla chai haijachemka. Mpe jingine. Wewe ni wa Amu, una hazina mlangoni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari wafidiwe takriban shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu zote mbili zinapatikana bure kwenye mtandao wa Kenya Law. Waambie wanafunzi: chagueni moja ya hizi, mtafute hukumu yenyewe, habari moja ya gazeti ya wakati ule, makala moja ya kitaaluma, na mzee mmoja wa bahari mmhoji. Halafu waeleze kila chanzo kinajua nini na hakijui nini.

Hapo ndipo utakapoona darasa limeamka. Hukumu inajua kilichoamriwa, neno kwa neno, na hakuna gazeti la kuishinda kwa hilo. Lakini yaliyofuata baada ya siku ile, nani alikata rufaa, nani alilipwa, hayamo ndani yake. Gazeti litakuambia watu walivyopokea habari, ila mara nyingi litachanganya hoja za wakili na maamuzi ya jaji. Makala ya kitaaluma ina vipimo, na vipimo vina mwaka vilipochukuliwa, ambao mwanafunzi huwa hautazami. Mzee wa bahari anajua samaki walikuwa wakipatikana wapi kabla ya mchanga kuchimbwa, na ujuzi huo haumo katika hifadhidata yoyote mnayoilipia. Yeye pia ana lake analolitetea, kama jaji asivyokosa mipaka yake. Chama cha wakutubi wa vyuo vikuu vya Marekani, ACRL, kilipitisha mwaka 2016 mwongozo wa kufundisha ujuzi huu, umejengwa juu ya mawazo sita, na mojawapo ni kwamba uzito wa chanzo hutegemea nani anakihitaji na kwa jambo gani. Kwenye mwongozo maneno ni mazito. Kwa kesi ya bandari mtoto wa mwaka wa kwanza hulielewa kwa nusu saa.

Na huyo mzee wa bahari, je, si unaye nyumbani? Mpigie Baba simu siku ya darasa, umweke kwenye spika, wanafunzi wamuulize. Nahodha mstaafu wa Amu, anajua mkondo gani ulikuwa na kina gani. Sina haja ya kukueleza atakachowaambia wenziwe barazani jioni ile.

Mwombe pia mhadhiri atenge alama kidogo kwa ukurasa mmoja wa mwisho ambapo mwanafunzi anaeleza alivyotafuta: alitumia maneno gani, wapi, alipata nini akakikataa na kwa nini. Ukurasa huo ndio darasa lako hasa. Utakuta mwanafunzi huandika sentensi nzima ya swali kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha asema hakuna kitu kilichoandikwa juu ya Lamu. Kabla hajagusa kompyuta mkalishe na karatasi, aorodheshe majina yote ya kitu kimoja. Mikoko. Jina lake la Kiingereza. Majina ya kisayansi ya miti yenyewe, maana mkoko ni Rhizophora mucronata na mchu ni Avicennia marina, na mtafiti wa Ulaya hataandika mchu. Boriti, kwa sababu aliyeandika juu ya biashara ya boriti ameandika juu ya mikoko bila kuitaja. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Kaunti ya Lamu, itakuwaje hapana kilichoandikwa? Kuna vitu vingi, ila viko chini ya majina mengine. Watoto wa Amu, Pate na Kizingitini hujua majina haya kuliko mhadhiri, na ukiwapa nafasi ya kuyataja hawatatazama simu.

Stima ikipotea, zoezi la majina halitaki projekta.

Sasa upande wa wahadhiri wenyewe. Hawa nao wana shida ambayo hawaisemi hadharani. Kupandishwa cheo kunataka machapisho, na barua pepe zao zimejaa mialiko ya majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa dola kadhaa. Wapo waliolipa, na makala zao hazikuhesabiwa. Aliyelipatia jambo hili jina la kimataifa, akayaita majarida hayo wawindaji, ni mkutubi wa chuo kikuu kama wewe, Jeffrey Beall wa Colorado, aliyeweka orodha yake mtandaoni hadi alipoiondoa Januari 2017. Ile orodha ilikuwa na ubishi wake, iliwaonea baadhi ya watu, lakini ilithibitisha kwamba jambo hili ni la maktaba. Tangaza kikao kifupi cha wahadhiri peke yao, mlango umefungwa, aje mtu na mwaliko aliopokea mukague pamoja: wahariri ni nani, jarida limo kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida yanayosomwa bure, au halimo, anwani ni ya wapi. Mhadhiri uliyemwokoa asipoteze pesa zake na makala yake hatakupigia simu tena kutoka njia ya Mombasa akuambie umshikie darasa.

Halafu weka ushahidi, nao usiwe hesabu ya vichwa. Maktaba zetu zinapenda kuripoti "wanafunzi mia tatu walihudhuria," na hao mia tatu walikuwa wanatazama mlango. Kwa ruhusa ya mhadhiri, chukua marejeleo ya kazi za mwaka jana na za mwaka huu za kozi hiyo moja, majina yamefutwa. Hesabu ngapi zinafunguka, ngapi ni makala za kitaaluma, ngapi za kubuni. Karatasi moja, safu mbili. Kikao kijacho usiseme neno juu ya ratiba, igawe karatasi hiyo. Mwache mhadhiri ndiye aombe ratiba.

Uzamili, soma. Moi na Kenyatta wote wanafundisha fani yetu kwa kiwango hicho. Lakini usiusome kwa kukimbia kicheko, wala usidhani utakufanya mhadhiri kesho yake, maana siku hizi pengi ngazi hiyo yataka uzamifu. Usome ukiwa na jambo lako la kuchunguza, na jambo unalo tayari: ile karatasi ya safu mbili ni nusu ya pendekezo la tasnifu. Kabla hujalipa karo, likizo ya masomo iwe imeandikwa na kupigwa muhuri. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huondoka na mkuu wa idara.

Ingia pia kwa wenzako. KLISC, ule muungano wa maktaba ulioanza mwaka 2003 ili vyuo vinunue hifadhidata kwa pamoja, una mafunzo na mikutano, na Chama cha Maktaba cha Kenya kipo. Utakutana na wakutubi wa vyuo vingine waliopigiwa simu hiyohiyo saa hiyohiyo, na wengine wao washavuka.

Mama usimkatalie kwa haraka. Muulize hiyo kazi ya shule ina mkataba au ni ya kulipwa na wazazi muhula kwa muhula. Ikiwa ni hiyo ya pili, siyo. Lakini Amu yenyewe usiitoe kwenye hesabu ya maisha yako. Hati za Msikiti wa Riyadha zimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni kupitia mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na hati zilizo mtandaoni zinataka mtu wa kuwafundisha watu kuzitumia. Wanafunzi wako wangapi kutoka Lamu wanajua kwamba zipo? Hilo ni la baadaye, ila lianze kukaa kichwani.

Ukiniuliza mimi, nafasi ya Nairobi ningeikataa, isipokuwa kama watakujibu kwa maandishi kwamba ni ya makusanyo ya hapa nyumbani na kwamba utaruhusiwa kufundisha. Waandikie leo uwaulize hayo mawili. Na hata ukikataa, wajibu kabla ya tarehe yao, kwa adabu na shukrani, kwa sababu wakutubi wa vyuo Kenya ni wachache na huyo aliyekuandikia mtakaa meza moja kwenye mkutano wa KLISC. Ukimaliza hiyo, barua ya pili iende kwa mhadhiri wa mikoko, na usingoje muhula ufunguliwe. Swali lake la kazi hulinakili wiki ya kwanza.